Rekodi za ununuzi wa dagaa zinajirudia kila mtandao unaporudi

MwanaKibirizi:
Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Ninatunza programu ya simu ambayo makarani wa mfanyabiashara mmoja wa dagaa huitumia asubuhi mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaporudi na mzigo kushushwa. Karani huandika jina la mvuvi, idadi ya ndoo na bei, kisha hubonyeza "Hifadhi". Rekodi hukaa kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ndani ya simu, na mtandao ukipatikana hupelekwa kwenye seva inayotumia hifadhidata ya PostgreSQL. Siku mtandao unapokuwa hafifu, tajiri huona kwenye ripoti ya jioni manunuzi yaliyojirudia mara mbili au tatu, ilhali karani anaapa kwamba alibonyeza mara moja tu, na daftari lake linamuunga mkono. Nimefikiria kuiagiza seva ikatae rekodi yoyote inayofanana na nyingine kwa jina la mvuvi, idadi na bei ndani ya dakika tano. Je, njia hiyo inatosha?

Fundi wa Kanyenye, Tabora:
Ndugu yangu, kwanza tumwondolee karani lawama. Ombi likishatoka kwenye simu linaweza kupotea njiani kabla ya kufika, au linaweza kufika salama, seva ikahifadhi rekodi, kisha jibu likapotea wakati wa kurudi. Kwa upande wa simu mambo hayo mawili hayana tofauti: muda wa kusubiri umekwisha na jibu halijaja. Basi simu hutuma tena, na kwa kuwa nadhani ni seva yako inayotoa namba ya rekodi, kila ombi linalofika hupewa namba mpya na kuhesabiwa kuwa mzigo mwingine.

Ukitaka kuliona kosa lenyewe ukiwa mezani, endesha seva kwenye kompyuta yako, uiambie ihifadhi rekodi kwanza ndipo ikae kimya kwa sekunde 40 kabla ya kujibu, huku simu ikiwa na subira ya sekunde 30. Rekodi zitajirudia mbele ya macho yako bila kusubiri mtandao wa Kigoma ukorofishe.

Hiyo ya dakika tano usithubutu. Mvuvi mmoja akiuza ndoo tatu, kisha mwenzake wa mtumbwi uleule akaleta nyingine tatu kwa jina lilelile na bei ileile, programu yako itakuwa imewadhulumu, tena kimyakimya. Rekodi iliyozidi huonekana kwenye ripoti na kulalamikiwa, lakini iliyokataliwa hivyo haionekani popote mpaka siku ya kugawana fedha.

Kitambulisho kizaliwe ndani ya simu, papo hapo karani anapobonyeza "Hifadhi", na kisibadilike hata ombi likirudiwa mara ngapi. Kwa lugha za Java au Kotlin, UUID.randomUUID(), inayotengeneza kitambulisho cha kubahatisha, inatosha kabisa: kati ya biti zake 128, biti 122 ni za kubahatisha, kwa hiyo makarani wako hawatagongana. Kwenye PostgreSQL weka sharti la upekee (thamani moja isiingie mara mbili) kwenye safu ya kitambulisho hicho, kisha uandike kwa INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING, yaani kilichopo tayari kisiongezwe tena; amri hiyo ipo tangu toleo la 9.5.

Bi. Msimbo:
Naunga mkono, ila nina nyongeza ambayo watu wengi huiruka. Seva ikikuta kitambulisho ambacho tayari inacho, isirudishe kosa. Irudishe jibu lilelile la mafanikio, maana vinginevyo simu itaendelea kutuma bila kukoma na foleni yake haitaisha. Lakini kitambulisho kikija kilekile huku idadi ya ndoo ikiwa imebadilika, hapo ikatae na kuandika tukio hilo kwenye kumbukumbu zake, kwa sababu huko si kurudia tena, ni hitilafu ndani ya programu.

Tena, uangalie utaratibu wa kuhamia mfumo huu wa vitambulisho. Sharti la upekee lisikutie hofu kwa rekodi za zamani, kwani hizo zitabaki bila kitambulisho, na PostgreSQL huruhusu NULL (nafasi tupu) nyingi kwenye safu ya namna hiyo. Zile ambazo bado zimo kwenye foleni za simu zipe vitambulisho wakati programu inapopandishwa toleo, kabla ya kuanza kutuma. Zilizokwisha kujirudia kwenye seva usizifute. Ziwekee alama ya kutohesabiwa baada ya kuzilinganisha na daftari la karani. (Daftari hilo lisitupwe, hata tajiri akisema sasa tuna mfumo.)

MwanaKibirizi:
Nashukuruni sana, jaribio la sekunde 40 limetoa rekodi zilizojirudia papo hapo. Limebaki moja: karani aliyeko Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, rekodi zake nyingine huonyesha saa moja nyuma.

Fundi wa Kanyenye, Tabora:
Burundi hutumia UTC+2, yaani saa mbili mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia, na sisi UTC+3. Simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe ikidaka mnara wa ng'ambo, hurudi nyuma saa moja, na programu inayohifadhi saa ya ukutani huandika kile inachokiona. Kwenye simu hifadhi wakati kwa UTC, na kwenye PostgreSQL tumia aina ya timestamptz, inayotunza wakati kwa UTC. Saa ya Tanzania iwekwe tu wakati wa kuonyesha ripoti, kwa kutaja Africa/Dar_es_Salaam wazi badala ya kutegemea mpangilio wa simu. Ongeza pia safu ya wakati ambao seva ilipokea rekodi, kwa sababu kuna karani atakayebadilisha saa kwa mkono, na hapo UTC ya simu nayo itakuwa imepotoka. Ripoti ya siku ifuate wakati wa simu, ila pengo kati ya nyakati hizo mbili likiwa kubwa kuliko kawaida ya kukosa mtandao, rekodi hiyo ipelekwe kwa msimamizi aikague kabla ya malipo.