MJADALA: Kompyuta za umma Lamu zilazimishwe kungoja namba nasibu kabla ya kutengeneza funguo?

Mtoa mada, Langoni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Funguo nizisemazo ni namba za siri ambazo kompyuta hufungia taarifa wengine wasizisome; zisipotoka kwenye namba nasibu, yaani zisizotabirika, mtu huweza kuzipata. Jambo hili laonekana la mafundi, lakini linamgusa kila mama aliyeandikishwa kliniki na kila mtoto ambaye alama zake zimo kwenye kompyuta ya shule.

Hivi karibuni nilipewa mashine 11 za kufunga, zile bodi ndogo za kutosha kiganjani. Aliyezitayarisha alitengeneza memori kadi moja akainakili, kila mashine ijitengenezee funguo zake za siri siku ya kwanza ikiwashwa. Nikakaa barazani na daftari, nawasha moja moja, naandika alama ya ufunguo. Ya tatu na ya saba zikatoka sawa, herufi kwa herufi. Nikadhani nimekosea kuandika. Nikafuta funguo zote, nikawasha upya: safari hii ya tatu ikalingana na ya tisa.

Kumbukumbu za kuwaka zikanionyesha sababu. Funguo zilitengenezwa sekunde ya 6. Draiva, yaani programu inayoiendesha jenereta ya nasibu (sehemu ya chipu inayozalisha namba hizo), ilipakiwa kama moduli, kipande cha pembeni kinachoongezwa baadaye, sekunde ya 19. Ule mstari wa kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, «crng init done», yaani sasa nasibu inatosha, ulikuja sekunde ya 21. Chemchemi ilikuwepo, ila iliamshwa shughuli zimekwisha.

Kompyuta haijui kubahatisha. Kerneli huokota nasibu kwenye tofauti ndogondogo za wakati: kibodi ikibonyezwa, diski ikisoma, pakiti ikiingia. Bodi iliyowashwa sasa hivi haina kibodi wala diski, na saa yake haijui hata tarehe. Mbili zilizonakiliwa kutoka kadi moja ni pacha. Mwaka 2012 watafiti walikagua intaneti nzima wakaweza kukokotoa funguo za siri za RSA, aina moja ya funguo hizi, za nusu asilimia ya mashine zinazotumia TLS, njia ya kufunga mawasiliano ya mtandaoni, na wengi wa walioathirika ni rauta na vifaa vidogo vya namna hii.

Hoja yangu ni hii: kifaa kinachonunuliwa kwa fedha za umma kiwe na jenereta ya nasibu, draiva yake ijengwe ndani ya kerneli yenyewe, na pasitengenezwe ufunguo wowote kabla kerneli haijasema iko tayari. Mwasemaje?

Mwenye saiba, Malindi

Fundi, pole na kazi. Nakuunga mkono nusu. Jenereta unayoitaka imefungiwa ndani ya silikoni. Mimi na wewe hatuwezi kuifungua tukaona inafanya nini. Mwaka 2013, baada ya nyaraka za Edward Snowden kufichua upelelezi wa Marekani, watu wa FreeBSD, mfumo endeshi wa kompyuta, waliamua namba za RDRAND, amri ya nasibu iliyomo kwenye chipu za Intel, zisiwafikie watumiaji moja kwa moja. Zipitie kwanza kwenye kichanganyio chao. Na hata pasipo nia mbaya, chipu hukosea. Mwaka 2019 baadhi ya prosesa za AMD, Ryzen 3000, zikiombwa namba nasibu, zilirudisha ileile kila mara, biti zake zote (tarakimu za 0 na 1) zikiwa 1, huku zikidai kazi imefanikiwa. Ukiandika kwenye zabuni kwamba chipu iaminiwe, umempa mgeni funguo za nyumba.

Karani wa zahanati, Pate

Mimi si fundi. Umeme wetu ni wa sola na hukatika. Mashine ikiwaka upya, nje nina foleni ya akina mama na watoto wenye homa. Mnasema ingoje. Ingoje mpaka lini? Ikikwama mimi narudi kwenye daftari, na nyinyi mko mbali.

Mtoa mada

Dada, lako ndilo zito kuliko yote, naanza nalo. Kungoja kumewahi kuwakwamisha hata mabingwa. Mwaka 2019, toleo la 5.3 la Linux, kerneli hii tunayoitumia, likiwa bado kwenye majaribio, badiliko katika mfumo wa mafaili wa ext4 lilipunguza kazi ya diski wakati wa kuwaka. Nasibu ikawa haba, na mashine nyingine zikasimama kabla ya kufika skrini ya kuingilia, zinangoja. Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, akaliondoa badiliko lile kwa muda, kisha toleo la 5.4 likapewa njia ya kuvuna nasibu kwenye kutangatanga kwa wakati wa prosesa.

Lakini mashine zile zilingoja kwa sababu hapakuwa na chanzo. Kerneli za sasa zinataka biti 256 tu. Jenereta ya ndani ya chipu ikiamshwa mwanzo kabisa, biti hizo zinapatikana kabla hujavuta kiti. Mimi nilipoijenga draiva ndani ya kerneli, ule mstari ulitoka sekunde ya 21 ukaja ya 2.

Kaka wa Malindi, sikusema chipu iaminiwe peke yake. Watu wanne wakichanganya karata zilezile na mmoja wao ni mwongo, karata zimechanganyika maadamu mwingine amechanganya kwa haki. Draiva hizi hutaja kwa kerneli ubora wa nasibu yao, kuanzia 0 hadi 1024. Ukiweka 0, biti zake zinachanganywa lakini hazihesabiwi.

Mwenye saiba, Malindi

Na mwongo akiwa wa mwisho kuchanganya, na karata za wenzake anaziona? Halafu ukiweka 0, hesabu ya 256 haitimii upesi, na dada wa Pate anangoja. Chagua moja.

Mtoa mada

Hapo umenishika, sikwepi. Kwa bodi zetu nachagua zihesabiwe. Chipu inayoona karata zote ndiyo hiyohiyo inayosoma kila ufunguo na kila jina la mgonjwa. Ikitaka kuiba, haina haja ya kuchezea nasibu. Ila chaguo hilo lisifanywe kimyakimya na muuzaji. Linux 4.19 ya mwaka 2018 ilimwachia anayejenga kerneli aamue kama nasibu ya prosesa ihesabiwe. Basi iandikwe kwenye zabuni, na aliyeamua atie sahihi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye kutunza taarifa za watu azilinde. Mashine mbili zenye ufunguo mmoja hazijalindwa.

Mwanafunzi, Malindi

Kwani si muweke kerneli mpya tu? Ya 5.4 umesema inavuna nasibu yenyewe.

Mtoa mada

Wekeni, wala msichelewe. Hizi zangu zilikuja na kerneli ya kabla ya hapo, na muuzaji hakuwa na nyingine. Lakini njia ile inategemea kihesabio cha wakati chenye kasi ndani ya prosesa. Kwa prosesa isiyo nacho, kerneli haijaribu hata kidogo. Na kadi ikinakiliwa pamoja na faili la mbegu ya nasibu, yaani namba za kuanzia zilizohifadhiwa, mashine zote zinaanza na mbegu moja. Nilikuta faili hilo kwenye kadi zote 11.

Kaka, wewe una bodi kama hizi pale saiba. Futa faili la mbegu, nakili kadi, washa mbili, kisha tuwekee hapa sekunde ya draiva na sekunde ya funguo. Zangu sasa ni 2 na 4.