Akili mnemba ya kununulia mtandaoni: ya jumla, ya dukani au wakala?

Mpimaji
Wakuu, tulinganishe. Kuna msaidizi wa jumla kama ChatGPT au Gemini, na kuna anayekaa ndani ya duka lenyewe, kama Rufus wa Amazon. Tuseme mtu anatafuta SSD (diski ya kuhifadhia data) ya kompyuta mpakato. Aanze na yupi?

Nyaya22
Wa jumla kwa kuchagua aina, wa dukani kwa kukagua bidhaa uliyokwisha kuichagua. Ila usimuulize "SSD ipi nzuri". Andika modeli kamili iliyo chini ya kompyuta, ujazo (mfano TB 1) na kikomo cha bei, kisha malizia: "Niulize unachokosa kabla ya kupendekeza." Sentensi hiyo ndiyo yenye kazi.

Msaidizi anapoteleza sana ni kwenye M.2, neno utakaloliona kwenye SSD nyingi. Hilo ni umbo, si kasi. 2280 ni upana mm 22 na urefu mm 80, na umbo hilohilo lina SATA na NVMe, njia mbili tofauti za kupitisha data. Tundu la SATA pekee halitaisoma NVMe hata ikiwa imekaa vizuri. Hakikisha kwenye mwongozo wa mtengenezaji.

Bi_Hesabu
Sawa kabisa. Bei nayo usiichukue kwake kama hajatafuta mtandaoni papo hapo. Fungua kiungo uone mwenyewe.

Wa dukani ana faida ya kupitia maoni mengi kwa mara moja. Tatizo, duka huweza kurundika maoni ya matoleo tofauti kwenye ukurasa mmoja, ukasoma sifa za TB 2 ukidhani ni za TB 1. Muulize: "Malalamiko gani yanajirudia kwa toleo la TB 1?" Halafu soma mwenyewe maoni ya nyota 2 na 3.

Mpimaji
Na kwa pawabenki?

Nyaya22
Mwagize aonyeshe hesabu. mAh 20,000 (ujazo wa kwenye boksi) × V 3.7 (volti ya betri ya ndani) ÷ 1,000 = Wh 74, yaani nishati yote. Ikitolewa kwa V 5 ya USB inabaki mAh 14,800, na bado kuna nishati inayopotea kama joto. Akikuambia simu ya mAh 5,000 itajaa mara 4, amegawanya namba za kwenye boksi tu. Tegemea mara 3 hivi.

Kufuli
Mmemsahau wakala anayebonyeza na kulipa mwenyewe. Kwenye malipo nasema hapana. Ukurasa unaweza kuficha maandishi meupe juu ya weupe yanayomwamuru aongeze bidhaa nyingine, naye huweza kuyachukua kama agizo lako. Ajaze kikapu, aishie hapo. Ukilazimika kumwachia, tumia kadi pepe (kadi ya mtandaoni tu, isiyo ya plastiki) yenye kikomo kinacholingana na bei pamoja na usafirishaji.

Bi_Hesabu
Na kikapu ukikague mstari kwa mstari: toleo, idadi, muuzaji. Muuzaji hasa, maana ukurasa mmoja unaweza kuwa na wauzaji kadhaa, kila mmoja na masharti yake ya kurudisha.