Barabara haiulizwi (gumzo la kikundi cha ukoo, wikiendi ya karavani Mersea)

IJUMAA

Mama Nasra: Assalamu alaykum nyote. Tumefika kisiwani salama. Karavani letu ndilo hili 📷

Bi Shamsa: Waalaykum salaam, mashallah. Mbona halina pa kukaa dereva?

Mama Nasra: Haliendi popote wifi, lishatulia hapo miaka. Vyumba viwili, jiko la gesi, choo humo humo. Ukikohoa chumbani, wa jikoni anakwambia pole.

Khamis: Yaani mmetoka Barking, London, kwenye nyumba ya matofali mkalipa pesa kulala ndani ya kontena 😂

Baba Nasra: Khamis, wewe uko Muscat na kiyoyozi chako, tulia.

Ami Haji: Kisiwa chenyewe kinaitwaje?

Nasra: Shikamoo Babu. Kinaitwa Mersea, kipo Essex, kusini ya Colchester. Hatukupanda boti hata! Kuna barabara inavuka, wanaiita Strood.

Ami Haji: Marahaba mjukuu wangu. Inavuka juu ya bahari au ndani ya bahari?

Baba Nasra: Barabara ya lami ya kawaida Ami. Pembeni tope na majani tu, maji tumeyaona kule mbali.

Ami Haji: Mmepita saa ngapi?

Baba Nasra: Saa moja jioni.

Ami Haji: Basi yalikuwa yamekupwa. Jana mwezi kumi na nne. Bamvua hilo, maji makubwa, na kesho litazidi. Barabara hiyo uulize wenyewe.

Baba Nasra: Ami, barabara haiulizwi 😂 Mabasi yanapita.

Ami Haji: Haya.

JUMAMOSI

Nasra: 📷📷 Tuko gatini West Mersea. Watoto wote hapa wanavua kaa. Kamba, kimfuko cha wavu, chambo ndani, unashusha unangoja.

Bi Shamsa: Chambo gani?

Nasra: Wao wanatia nyama ya nguruwe. Jirani alitugawia kipande, Mama akamshukuru akasema tunayo yetu. Tumetia mifupa ya kuku wa jana. Tumepata 19!!

Ami Haji: Wakubwa?

Nasra: Kama kiganja changu, rangi ya kijani. Tuliwahesabu kwenye ndoo, halafu tukawarudisha.

Ami Haji: Mmewarudisha wapi?

Nasra: Baharini. Ndio mchezo wenyewe Babu.

Khamis: Ami anaandika… Ami kaacha kuandika… Ami anaandika…

Ami Haji: Nasoma tena.

Baba Nasra: Jamani nyama ya kuchoma imebaki kwenye friji nyumbani. Natoka mara moja Colchester kutafuta ya halali. Saa saba unusu nishageuka.

Ami Haji: Usirudi saa saba unusu.

Baba Nasra: 👍

Bi Shamsa: Hilo dole ni la ndiyo au la nyamaza?

Baba Nasra: 📷

Mama Nasra: Hii nini? Uko wapi?

Baba Nasra: Nimesimama. Barabara haipo.

Mama Nasra: Haipo vipi?

Baba Nasra: Imeingia majini. Naona nguzo za pembeni tu, na bata wanapita mahali nilipopita asubuhi. Mbele yangu magari kama ishirini, wote wamezima injini wanasoma magazeti. Mimi tu ndiye niliyeshuka kushangaa.

Ami Haji: Kwenu saa ngapi?

Baba Nasra: Saa nane kasorobo.

Ami Haji: Hapa Wete saa kumi kasorobo, nami niko dikoni. Maji yamefika kwenye matawi ya mikoko na bado yanapanda. Kaa hapo hapo.

Khamis: Subhanallah, Pemba na Uingereza zinajaa pamoja?

Ami Haji: Leo zimeangukiana. Lakini mwezi ni huo huo mmoja, hakuna wa Kizungu.

Baba Nasra: Kuna kijana kaona tunachelewesha. Kaingia na kigari chake. Kimezima katikati. Anatoka kwa dirishani, viatu mkononi.

Ami Haji: Maji ya chumvi hayo. Injini asahau.

Mama Nasra: Watoto wamekula chapati na maharage ya kopo. Mvua imeanza, bati la karavani linapiga kelele kama tuko ndani ya ngoma. Nyama itaharibika?

Baba Nasra: Kwa baridi hii? Bibi mmoja wa gari la nyuma kanipa chai ya chupa. Ndiye aliyenifundisha: jedwali la maji likisema zaidi ya mita 5, ujue Strood inaweza kuzama. Kila mtu kalibandika jikoni kwake. Anasema chini ya barabara walikuta magogo ya mwaloni ya karne ya 7. Watu wanavuka hapa zaidi ya miaka 1300.

Bi Shamsa: Na miaka yote hiyo hakuna aliyepita na kilo tatu za mbavu akampuuza ami yake.

Baba Nasra: Ami, samahani.

Ami Haji: Ukivuka, osha chini ya gari kwa maji matamu. Usilale nalo hivyo.

Mama Nasra: Kafika saa kumi. Mvua haijakatika, mbavu zimechomwa kwenye sufuria 😭 Lakini tumeshiba.

JUMAPILI

Mama Nasra: Leo jua. Tuko Cudmore Grove, upande wa mashariki. Ufuo unaliwa na bahari mpaka ngome ndogo ya zege ya vita vya pili, iliyojengwa juu ya kingo, sasa iko chini mchangani 📷

Nasra: Na humu ardhini walipata mifupa ya kima na dubu wa kale sana! Kima, Essex!!

Khamis: Na wao walikwama Strood.

Bi Shamsa: Chaza vipi? Nasikia huko ndiko kwao.

Mama Nasra: Wale wa asili wanaanza Septemba. Hawa wa Agosti ni aina nyingine, wanaliwa wabichi kwa limau. Baba Nasra kala watatu, wa nne kamtazama tu.

Bi Shamsa: Wabichi!! Wanawake wa huku wanakesha kwenye tope kuwatafuta, wanawachemsha kwa heshima.

JUMATATU

Baba Nasra: Ami, shikamoo. Karavani tunalirudisha saa nne asubuhi. Tupite saa ngapi?

Ami Haji: Marahaba. Leo yatajaa saa tisa na nusu hivi kwenu. Saa nne ni kavu. Piteni.

Baba Nasra: Na jedwali limesema hivyo hivyo.

Ami Haji: Ahsante, limenithibitisha.

Nasra: Babu, alfajiri tumevua tena. Kaa 7, mmoja mkubwa kweli 📷

Ami Haji: Huyo sasa kaa. Yuko wapi?

Nasra: Baba amekataa asiingie garini. Tumemrudisha.

Ami Haji: Mpe babako simu.