Mliouza kanda, mliopiga debe, mliochoma mishikaki nje ya kumbi: tupeane uzoefu wa muziki wa Dar

Wakuu, habari za wakati huu.

Historia ya muziki wa Dar husimuliwa kwa majina ya bendi na waimbaji. Wanastahili. Lakini kuna watu wa barabarani walioubeba muziki huo hadi kwa msikilizaji, na wao hawaandikwi. Bendi zilirekodi RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, zikitaka santuri zinakwenda Nairobi. Mtu wa kawaida akiutaka wimbo nyumbani kwake alitegemea redio au kanda, na kanda tuliziuza sisi.

Naanza mimi. Miaka ya 90 niliuza kanda Kariakoo, kwanza natembea na ubao kifuani, baadaye nikapata meza. Kanda ya dukani huwa imevunjwa vipande viwili vya juu ili isirekodiwe tena. Tulikunja karatasi, tunaziba vile vitundu, tunarekodi juu yake. Mteja akitaka bendi ya Msondo upande wa kwanza na ya Sikinde (Mlimani Park) wa pili, anatengenezewa. Mahasimu wale hakuna msambazaji ambaye angewaweka kwenye kanda moja, lakini mezani kwangu walikaa pamoja kwa amani.

Mwanamuziki hakupata kitu pale, na hilo linaniuma hadi leo. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, mwimbaji wa Zuwena, miaka yake ya mwisho alikuwa anauza kanda hukohuko Kariakoo. Alifariki 1995. Mtu aliyejaza kumbi akawa muuza kanda kama sisi! Hayo tuyaseme wazi.

Karibuni.

Bi Karanga
Mwanangu umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa na jiko la mkaa, nahamahama kati ya kumbi mbili, DDC Kariakoo na Amana pale Ilala. Mishikaki, ndizi za kuchoma, karanga kwenye vikoni vya gazeti. Waliokosa kiingilio walikaa kwangu, wanasikiliza kupitia ukutani, na wengine walizijua nyimbo kuliko waliomo ndani.

Biashara yangu niliiendesha kwa masikio. Wimbo ukiwa kwenye maneno, watu wanatoka kununua. Ukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, hatoki mtu, wote wako uwanjani, basi hapo ndipo napuliza moto na kupanga mishikaki mipya. Tarumbeta zikikata tu, nyama iwe tayari, maana wanatoka kwa mkupuo wana jasho na njaa.

Wanamuziki wenyewe walikula kwa mkopo. Wa Juwata, ndiyo Msondo ya wakati ule, walikuwa waajiriwa wa jumuiya ya wafanyakazi, wana mshahara, deni lao nalipata mwisho wa mwezi bila shida. Wa bendi za watu binafsi nilikuwa nawasubiri mlangoni usiku wa manane wagawane mapato ya mlangoni. Kukiwa na mvua siku hiyo, nao hawana, nami sina.

Mwaka 1983 ndiyo ikaja Nguvu Kazi, ile operesheni ya serikali. Asiye na kitambulisho cha kazi anasombwa, anapelekwa kulima. Hebu fikirieni: mpiga gitaa ndani ana kitambulisho, mimi ninayemlisha nje naitwa mzururaji. Kwa muda nilichomea mishikaki uani kwa jirani, wateja wananifuata huko kwa kunong'onezana.

Konda Mstaafu
Shikamoo Bi Karanga.
Mimi nilikuwa konda njia ya Sinza. Tulikuwa na kituo kinaitwa Kwa Remmy, kwa ajili ya marehemu Remmy Ongala wa Super Matimila aliyeishi pale. Alifariki 2010 na kituo bado kinaitwa hivyohivyo. Kwangu hiyo ni heshima kubwa kuliko tuzo.

Redio za binafsi zilipoanza, Radio One 1994 na nyingine zikafuata, vijana wa bongo fleva wakawa wengi, na si wote waliopata mlango kule. Basi wanatuletea kanda stendi. Dereva anaiweka, mimi naangalia abiria. Abiria wa asubuhi hasemi kitu, ana mawazo ya kuchelewa kazini. Wa jioni ndiye mwamuzi. Akiuliza "konda, huyu nani?" ujue wimbo umepita. Wasiouliziwa nyimbo zao niliwarudishia kanda, na wengine walilia mbele yangu.

Kijana wa Tandale
Shikamooni wazee. Mimi narusha nyimbo kwenye simu na flashi, nina kompyuta moja na spika. Singeli ya mtaani naipata kabla haijafika mtandaoni, prodyuza mwenyewe analeta. Mapigo yanapita 200 kwa dakika, mgeni anadhani mashine imeharibika. Baba alipiga mchiriku enzi zake, kinanda kidogo cha Casio na spika ya tarumbeta kama ya mkutano wa hadhara. Nikimwekea singeli anasema ni ileile, imekimbizwa tu. Nakubaliana naye.

Mwanzisha mada
Bi Karanga, shikamoo. Naomba urudi utueleze huo mgao wa mlangoni: nani alikuwa anahesabu, na mwimbaji alimzidi mpiga ngoma kwa kiasi gani? Na wale wa mikokoteni mliobeba spika za bendi kutoka ukumbi hadi ukumbi, bado hamjasema neno. Nawasubiri.