Nataka kutafiti jeni za ugonjwa uliomchukua baba mkubwa. Nianzie wapi?

BintiNgamiani:
Wakuu, wanaostahili shikamoo naitoa. Baba mkubwa alikuwa fundi cherehani hapa Tanga. Ulianza na gumba la kulia: mkasi ukawa unamponyoka, halafu tundu la sindano likamshinda, nikawa mimi namtungia uzi. Ganzi hakuna, maumivu hakuna. Mtaani wakasema katupiwa kitu. Mwaka wa pili hata uji ulimpalia, ila akili timamu, deni la kila mteja analo kichwani. Daktari alisema neva zinazoendesha misuli zinakufa, ugonjwa unaitwa ALS. Nimemaliza kidato cha sita, PCB. Kuna mtu kweli anaishi kwa kutafiti jeni za ugonjwa huu?

FundiMaabara:
Wapo, dogo. Mtazame Teepu Siddique, mzaliwa wa Pakistani, daktari wa neva aliyehamia Marekani. Alifuatilia damu za familia zenye ugonjwa huu. Mwaka 1991 yeye na wenzake wakaubana kwenye kromosomu ya 21, na 1993 jeni yenyewe ikatajwa: SOD1. Dawa inayoilenga, tofersen, Marekani wameiidhinisha 2023. Piga hesabu. Kama huna subira ya mvuvi wa mshipi, kasome uhasibu.

MamaSahare:
Usimtishe mtoto. Mwanangu, wagonjwa kama tisa kati ya kumi hawana ndugu aliyeugua. Kwenu alikuwa peke yake?

BintiNgamiani:
Nimemuuliza bibi mzaa baba leo. Anasema kaka yake mwenyewe, kule Pangani, alikufa hawezi kushika kijiko. Siku zote tunaambiwa kiharusi.

FundiMaabara:
Huenda kilikuwa kiharusi kweli. Lakini hivyo ndivyo kazi inavyoanza. Chora ukoo: mwanamke duara, mwanamume mraba, aliyeugua mjaze wino. Andika umri alioanzia na kiungo kilicholegea kwanza. "Karogwa" usiandike. Chuo, chagua udaktari au baiolojia ya molekuli, na takwimu usizikimbie: kuna jeni nyingine ya ugonjwa huu, C9orf72, na hitilafu yake, iliyogunduliwa 2011, ni herufi sita za vinasaba zinazojirudia hata mara mamia. Hapo Muheza kuna kituo cha Amani cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Wao ni watu wa malaria, ila pipeti ni ile ile. Omba hata kuosha vyombo.

MamaSahare:
Na damu ya mtu usiiguse bila ridhaa yake. Wengine hawataki kujua, na ni haki yao.

BintiNgamiani:
Nimekuelewa, mama. Bibi ameanza kutaja majina na daftari halitoshi, nimetandika ile karatasi ya kaki ambayo baba mkubwa alikuwa anakatia pateni za suti. Tumefika kwa wajomba wa Pangani.