Waajiri mnaotupeleka Uingereza kwa "uhamisho wa muda", mbona jina la viza mnalificha?

Wakuu, leo naandika nina hasira, mtanivumilia.

Kampuni yetu ina ofisi Dar na nyingine Uingereza. Ukishakaa nao mwaka hivi unaanza kusikia habari za transfer. HR anakuita, anacheka na wewe vizuri kabisa, anakwambia "kampuni inakudhamini". Unampigia mama, mama anatangaza jumuiya nzima. Kitu ambacho hakuna anayekutamkia ni aina ya viza. Mimi nilikuja kuiona kwenye hati ya udhamini, ile COS, wakati funguo za nyumba nilishamrudishia mwenye nyumba na fenicha nilishauza: Global Business Mobility, Senior or Specialist Worker.

Kwa wasioijua: ilianza Aprili 2022, ikachukua nafasi ya viza ya zamani ya uhamisho wa ndani ya kampuni. Mwajiri wa kule lazima awe na leseni ya udhamini na awe na undugu wa kibiashara na kampuni yako ya huku. Wewe uwe umeshawafanyia kazi nje ya Uingereza jumla ya miezi 12, labda uwe unalipwa kuanzia pauni 73,900 kwa mwaka, hapo hiyo miezi hawakuulizi. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba viza hii haikufikishi kwenye ukaazi wa kudumu. Kwa sisi wa mishahara ya kawaida kikomo ni miaka 5 ndani ya kila miaka 6, ukimaliza unafunga mabegi. Jamaa tunayekaa naye meza moja yupo kwenye Skilled Worker, ile viza ya kawaida ya wafanyakazi wenye ujuzi. Kazi ileile, bosi yuleyule. Yeye miaka yake inamjengea ukaazi wa kudumu, yangu inapita tu.

Nikauliza kwa nini mimi nimewekwa kwenye viza hii. Nikajibiwa eti ni rahisi, haina mtihani wa Kiingereza. Jamani! Ripoti zote za ofisi ile nimeziandika kwa Kiingereza, mtihani ungenitisha nini?

Sababu ni hela. Tangu Julai 2025 kiwango cha chini cha mshahara kwa viza hii ni pauni 52,500, cha Skilled Worker kwa kawaida ni 41,700. Ukitazama haraka utasema kampuni imejiumiza kuchagua hii ya juu. Thubutu. Kwenye hii ya uhamisho, posho za uhakika zinahesabiwa ndani ya mshahara, hata ya nyumba. Kwenye Skilled Worker posho haziingii, wanatazama mshahara wenyewe. Kwa hiyo anakuandikia mshahara 38,000, anaweka juu posho ya nyumba 15,000, inakuwa 53,000, umepita. (Namba nimezizungusha kidogo, kuna watu wa ofisini humu.) Na ndiyo maana huchomoki. Sheria inaruhusu kuhamia Skilled Worker ukiwa hukohuko Uingereza, lakini kwa 38,000 unahamiaje? Nimewaomba wapandishe mshahara wapunguze posho, jumla ibaki ileile. Nikaambiwa muundo wa mishahara hauruhusu.

Bado gharama. Ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa viza, mtoto 776, na inalipwa yote kabla hujasafiri. Mke na mume na mtoto mmoja kwa miaka mitatu ni pauni 8,538. Sheria haimlazimishi mwajiri kuilipa hiyo, basi wakanikopesha, wanakata kila mwezi. Sawa, mkopo ni mkopo.

Kilichonipandisha presha ni ukurasa wa mwisho wa mkataba, mstari mmoja juu ya sahihi: nikiondoka kabla ya muda nitarejesha "gharama zote za serikali". Zote! Kuna tozo inaitwa Immigration Skills Charge, kampuni kubwa ilikuwa inalipa pauni 1,000 kwa mwaka kwa kila mfanyakazi, Desemba 2025 ikapanda hadi 1,320. Hiyo ni ya mwajiri, na mwajiri haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi. Nimewaandikia HR kwa barua pepe na kuitaja kwa jina. Jibu: "huo ndio utaratibu wetu kwa wote". Yaani kosa likifanywa kwa wote linakuwa utaratibu.

Mtasema niache kazi. Nikiacha, mwajiri ana siku 10 za kazi kuwaarifu Uhamiaji, halafu kwa kawaida unabakiziwa siku 60 utafute mdhamini mwingine au uondoke. Una mtoto shuleni na mkopo wao shingoni. Wanalijua hilo vizuri sana.

Kwa hiyo nyie mnaoitwa ofisini sasa hivi, Dar, Nairobi, Kampala, kabla hujauza hata kijiko waandikie wakujibu kwa maandishi: ni viza gani, mshahara wa msingi ni kiasi gani bila posho, na nikiondoka narudisha nini hasa. Akikwambia "tutaongea ukifika", ujue tayari amekujibu.

Na kama kuna aliyefanikiwa kutoka kwenye hii kwenda Skilled Worker kwa mwajiri uleule, aje aseme aliwabana vipi. HR wetu, najua unapita humu. Usinifuate PM, jibu hapahapa.