Mteremko wa Kalinzi kwa baiskeli: tupeane uzoefu

MtotoWaMwandiga: Mwakeye wakuu. Asubuhi hii dogo kanipita mbio, mikungu miwili ya ndizi kwenye karia, mguu kaukandamiza kwenye tairi ndiyo breki. Kovu langu la goti likawasha. Nani mwingine kashuka barabara ya Manyovu, huku kwetu Kigoma, akabaki na kitu cha kusimulia?

NdalaMoja: Kandambili ndiyo breki. Ukifika chini imebaki nusu.

MamaMigebuka: Na nusu yenyewe inanuka kuungua.

MzeeWaPhoenix: Mie 2003, lami bado. Nimetoka Kalinzi kwenye kahawa huko, ujue nilikuwa juu kiasi gani. Mikungu mitatu, baiskeli ya Phoenix ya breki za vyuma. Mvua ikanyesha. Rimu ikilowa raba ya breki haishiki, unabana mpaka vidole vinauma, baiskeli inazidi kukimbia. Kona ya kwanza nikapita. Ya pili naona ng'ombe wamejaa njia nzima. Nikapiga kelele "breki hakunaaa!", nikaingia kwenye mgomba. Mimi nikabaki hapo. Ndizi zikaendelea na safari peke yake. Nilipofika chini nachechemea, nikakuta mama kaketi pembeni ya njia, anaziuza.

NdalaMoja: Mzee!!! Ulinunua?

FunduWaRaba: Tusicheke tu. Raba zikaguliwe juu, sio chini. Punguza mwendo KABLA ya kona, bana uachie, bana uachie. Mnaogopa breki ya mbele bure, hiyo ndiyo inayosimamisha. Kalio lisogee nyuma basi.

KiboUjiji: Fundi acha kuua watoto wa watu. Ya mbele ilinirusha juu ya usukani, meno mawili yakaenda.

FunduWaRaba: Uliikaba ghafla, tena kwenye mchanga. Usilaumu breki.

KiboUjiji: Ulikuwepo?

FunduWaRaba: Meno yako yanasimulia.

MamaMigebuka: Wanaume mnagombania breki. Shukeni mkokote. Marehemu babu alikokota miaka yote, magoti yake mazima.

NdalaMoja: Kukokota na mikungu mitatu mvuani? Baiskeli ndiyo itakukokota wewe.

MtotoWaMwandiga: Mzee wa Phoenix, turudi kwenye ndizi.

MzeeWaPhoenix: Mkungu mmoja yule mama alinirudishia. Miwili akasema ni ya shambani kwake.

KiboUjiji: Alikuwa na shamba?

MzeeWaPhoenix: La viazi.